Asidi ya Tumbo ni Mlinzi: Asiondolewe Zamu Bila Sababu

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa Jeshi na wa Polisi mnaolinda ufuko wa Ziwa Tanganyika, mazungumzo yetu ya leo yanahusu kidonge kidogo ambacho wengi wamezoea kukimeza kama peremende. Kidonge hicho ni omeprazoli, pamoja na dawa nyingine za jamii yake zinazopunguza asidi ya tumbo.

Dawa hizi si adui. Tangu zilipoanza kuuzwa mwaka 1988 zimewaponya wagonjwa wengi wa vidonda vya tumbo, na Shirika la Afya Duniani limeitia omeprazoli katika orodha ya dawa za lazima. Lakini dawa njema ikitumika pasipo mahali pake hugeuka kuwa mzigo. Mwaka 2008 jarida la madaktari wa Uingereza lilieleza kwamba, kwa mujibu wa chunguzi mbalimbali, kati ya wagonjwa 25 na 70 katika kila 100 waliokuwa wakizitumia hawakuwa na sababu ya kutosha.

Jambo hili huanzaje? Askari ametoka doria, hajala tangu alfajiri. Usiku anakula maharage yaliyoungwa kwa mawese na pilipili, kisha analala papo hapo. Tumbo linamchoma. Asubuhi anakwenda kituo cha afya. Foleni ni ndefu, mwuguzi hana nafasi ya kuuliza mengi, naye anaandikiwa omeprazoli. Mwezi ujao cheti kile kile kinapelekwa duka la dawa, na mwezi unaofuata vivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza dawa hiyo itakoma lini, na mshahara unazidi kumeguka.

Hasara ya fedha ni ndogo kuliko hasara ya pili. Asidi ya tumbo ni mlinzi wa lango. Vijidudu vingi vinavyoingia kwa maji na chakula hufia hapo. Madaktari wa Marekani waliowapima watu waliojitolea waliona kwamba kijidudu cha kipindupindu, kikimezwa pamoja na dawa ya kuzimua asidi, huleta ugonjwa kwa idadi ndogo sana kuliko kikimezwa peke yake.

Na sisi tunaishi wapi? Tunaishi Kizuka, Rumonge na vijiji vingine vya ufukoni, mahali ambapo kipindupindu si mgeni. Uchunguzi uliofanywa Rumonge kuhusu mlipuko wa mwaka 1992 ulionyesha kwamba kunywa maji ya ziwa na kuoga ndani yake kulihusiana na kuugua. Mtu anayekunywa maji hayo bila kuyachemsha, huku amemwondoa mlinzi wake zamu bila sababu, amemfungulia adui mlango. Na kambini ugonjwa wa mmoja waweza kuwa ugonjwa wa kikosi kizima.

Wengine husema: “Nikiacha dawa, tumbo linachoma zaidi, basi bado naumwa.” Si lazima iwe hivyo. Mwaka 2009 wataalamu wa Denmark waliwapa dawa ya jamii hii, kwa majuma 8, watu wazima wasio na ugonjwa wowote wa tumbo. Walipoiacha, watu 44 katika kila 100 walipata kiungulia au maumivu ya tumbo. Tumbo lililozuiliwa kwa muda mrefu hutoa asidi kwa wingi likifunguliwa, kisha hutulia. Asiyejua hilo hurudia kidonge, na hivyo anakuwa mfungwa wa dawa.

Tena, maumivu hayo yaweza kuwa na chanzo kinachohitaji tiba nyingine. Madaktari wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kwamba vidonda vingi vya tumbo husababishwa na kijidudu, na mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Kijidudu hicho hutibiwa kwa omeprazoli pamoja na dawa za kuua vijidudu, kwa siku zilizohesabiwa. Omeprazoli peke yake hutuliza moto na kumwacha mchomaji ndani ya nyumba.

Basi tufanye nini? Wahudumu wa afya, kila mnapoandika dawa hii, andikeni na sababu yake na siku ya kuikomesha. Askari, ulizeni maswali mawili: naimeza kwa nini, na mpaka lini? Msile mkalala papo hapo, wala msimeze dawa za maumivu ya mgongo na magoti kila siku bila ushauri, maana baadhi yake huchubua tumbo. Lakini aliyepewa omeprazoli kwa kidonda kilichotoka damu, au kulinda tumbo dhidi ya dawa nyingine, asiiache bila kumwona daktari. Na mwenye kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu au kushindwa kumeza chakula, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu wasikilizaji, askari hufundishwa kutofyatua risasi pasipo shabaha. Kidonge nacho kina shabaha yake. Tukitumie kwa kipimo, tuchemshe maji yetu, na mlinzi wa tumbo tumwache afanye kazi yake.