Karakara Ina Uzito: Anza na Nguzo

Ukishuka kwenye matatu pale Keroka na kuuliza bei ya "matunda", usishangae ukionyeshwa karakara, ambayo wengine huiita pasheni. Masokoni kwetu imejitwalia jina la matunda yote!

Karakara ya zambarau, iliyotoka Amerika Kusini, hupenda nchi za juu kama vilima vya Kisii na Nyamira. Wewe unayeishi mjini na una kipande cha shamba nyumbani, huenda umekwisha kumnunulia mama miche. Je, umemnunulia waya?

Nauliza kwa sababu yametupata. Huko kwetu Nyamira tulisimamisha vijiti vyembamba vya mkaratusi, vibichi, tukaona tumebana matumizi. Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa shwari. Mvua za Aprili zilipofika, mmea ukiwa umejaa majani na matunda mabichi, mstari mzima ulilala chini usiku mmoja. Mchwa walikuwa wamekula vijiti tangu zamani, na karo iliyotarajiwa ikaozea matopeni.

Basi tafuta nguzo nene za futi nane, uzibambue maganda na kuziacha zikauke. Sehemu itakayoingia ardhini ichome juu juu mpaka iwe nyeusi, au uipake oili chafu ya gari, ili kuwachelewesha mchwa. Chimba futi mbili, shindilia udongo sawasawa, na uache kama mita sita kati ya nguzo na nguzo. Shamba likiwa la mteremko, na kwetu ni lipi lisilo na mteremko, fuata makinga-maji wala usishuke moja kwa moja na kilima.

Kazi kubwa iko kwenye nguzo mbili za miisho. Hizo ndizo zinazovutwa na waya, na ukuta wa karakara huanza kuanguka hapo. Kila moja iwekee gogo la kuikinga, lililosimama mshazari kwa upande wa ndani wa mstari. Kisha pitisha juu waya wa geji 14 na uukaze.

Panda miche kila baada ya mita tatu. Kila mche ufungie kamba inayopanda hadi kwenye waya, uache shina moja tu na kung'oa machipukizi ya pembeni. Likifika juu, likate ncha, kisha elekeza tawi moja kulia na jingine kushoto. Matawi madogo yataning'inia kama pazia. Yakikaribia ardhi yapunguze, maana yakigusa udongo hubeba magonjwa. Kisu nacho kisafishe kwa Jik kabla ya kwenda kwenye mmea mwingine, kwa kuwa virusi vinavyoyafanya matunda kuwa magumu kama mbao husafiri hivyo.

Karakara ikiiva huanguka yenyewe. Mwambie mama aokote kila asubuhi, kabla kuku hawajaamka.