Tumaini Lisilongoja Faraja: Somo la Sauti ya Dhiki

Utangulizi

Methali isemayo "Baada ya dhiki faraja" ni miongoni mwa methali zinazotajwa mno pwani ya Kenya. Husemwa matangani, huandikwa kwenye leso, na hutolewa kama nasaha kwa aliyefiwa na kwa aliyefutwa kazi vilevile. Hekima yake haina shaka. Hata hivyo, methali hii huyagawa maisha mafungu mawili, la dhiki na la faraja, na humwacha mwenye dhiki akiwa na kazi moja tu, nayo ni kungoja. Haisemi mtu afanye nini akiwa angali ndani ya dhiki yenyewe. Makala haya yanalijadili suala hilo kwa kuirejelea diwani ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973. Hoja yetu ni kwamba tumaini linalojitokeza katika diwani hiyo ni kazi inayofanywa kila siku kwa lugha, wala si kusubiri.

Swali hili halikunijia maktabani. Katika mwaka nilioahirisha masomo ya uzamili kwa kukosa karo, nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya Kisauni kwa malipo ya kubahatisha. Siku moja baada ya somo la ushairi, mwanafunzi wa kidato cha nne aliniambia, "Mwalimu, huyu alifungwa kwa kuwa alikuwa na neno la kusema. Mimi sina neno, nina shida tu." Sikuwa na jibu. Jioni hiyo nilipanda matatu ya kwenda Mtwapa, tukapita Shanzu karibu na gereza la Shimo la Tewa, ambamo mshairi huyo alitumikia sehemu ya kifungo chake. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi bila ya kuliunganisha jengo lile na kitabu kilichokuwa mkobani mwangu.

Mshairi na kifungo chake

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Akiwa kijana, alijiunga na chama cha upinzani cha Kenya People's Union, kilichoasisiwa mwaka 1966 chini ya uongozi wa Jaramogi Oginga Odinga. Mwaka 1968 aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, ambao ulihoji mwelekeo wa serikali ya wakati huo. Kwa sababu ya waraka huo alishtakiwa, na mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 22, akaanza kifungo cha miaka mitatu. Alifungwa Kamiti na pia Shimo la Tewa, na kwa sehemu kubwa alitengwa na wafungwa wenziwe. Mashairi yake aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Alitoka mwaka 1972, akahamia Tanzania na kufanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1974 diwani yake ilitunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Tumaini katika sarufi

Tuanze na anwani za mashairi mawili, "Siwati" na "N'shishiyelo ni Lilo". Kitenzi -wata ni cha Kimvita, na maana yake ni -acha. "Siwati", basi, ni "siachi". Mshairi hakusema "sitawata", yaani hakuliweka azimio lake katika wakati ujao. Amelitia katika ukanushi wa wakati uliopo, ambao hauna budi kutamkwa upya kila siku. Aliyesema leo kwamba haachi atapaswa kusema hivyo tena kesho.

Anwani ya pili ina utajiri zaidi. Katika "n'shishiyelo", n' ni kiambishi cha nafsi ya kwanza, "shishiye" ni umbo la kale la hali timilifu la kitenzi -shika, na -lo ni kirejeshi cha ngeli ya LI-YA. Kwa Kiswahili sanifu tungesema "nililolishika", lakini hapo tungepoteza jambo, kwa kuwa kiambishi -li- hulisukuma tendo nyuma, kana kwamba kushika kumekwisha. Umbo la kale linaeleza tendo lililofanyika zamani na ambalo matokeo yake yangalipo: nililishika, na mkono haujafumbuka. Kwa hiyo, lahaja hapa si pambo wala si ukaidi wa mtu wa Mvita. Imempa mshairi nyakati za kitenzi zinazolingana na hali yake. Faraja iko katika wakati ujao, ambao mfungwa hana mamlaka nao. Kushika kuko katika wakati uliopo, na huo hakuna askari awezaye kumpokonya.

Ubunifu wa kujipatia wenzi

Jambo la pili ni sauti zilizomo katika diwani. Tungetarajia mtu aliyetengwa aandike juu ya nafsi yake tu, lakini sivyo ilivyo. Katika "Mnazi: Vuta n'Kuvute" tunasikia ndugu wawili wakizozana juu ya haki ya kuufaidi mnazi, na kila mmoja anapewa nafasi ya kujitetea. Katika "Usiniuwe" anayesema ni mtoto ambaye hajazaliwa, akimsihi mamaye. Katika "Mamba" mshairi anamkabili mnyama anayejigamba kwa nguvu zake mtoni.

Wahakiki wamezoea kuyasoma baadhi ya mashairi haya kama istiara za kisiasa, na usomaji huo ni sahihi. Lakini kuna safu nyingine. Majibizano ni desturi ya kale ya ushairi wa pwani, na kwa kawaida huhitaji washairi wawili au zaidi. Mfungwa aliyenyimwa wa kuzungumza naye aliyaumba majibizano hayo kichwani mwake, hata sauti asiyokubaliana nayo akaitafutia hoja. Hapa ubunifu haukuwa njia ya kuukimbia ukweli wa gereza. Ulimrudishia mshairi jamii aliyonyang'anywa, pamoja na ugomvi wake wote.

Arudhi: pingu au tupa?

Mwaka mmoja baada ya Sauti ya Dhiki, yaani 1974, ilichapishwa Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, na mjadala kuhusu mashairi huru ukapamba moto. Baadhi ya wanamabadiliko waliziona sheria za vina na mizani kuwa pingu za mawazo. Mfano wa Abdilatif unatulazimisha kulitazama dai hilo upya. Ubeti wa tarbia wenye mizani 16 kila mshororo una mizani 64 kwa jumla, na kila kina kina mahali pake. Neno likipotea, hesabu hulidai na kina hulielekeza. Kwa mtu ambaye karatasi yake yaweza kunaswa wakati wowote, umbo la namna hiyo ni ghala ambalo halipekuliwi. Kisha, kutafuta kina kinachofaa ni kazi yenye mwanzo na mwisho, na huipa siku isiyo na mipaka kipimo chake.

Fasihi yetu ina taswira ya jambo hili. Katika utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, mamaye Liyongo anamwokea mwanawe aliyefungwa mkate wa wishwa na kuificha tupa ndani yake. Anajua kwamba askari watakula vyakula vizuri na kuuacha huo. Liyongo naye anafundisha wimbo, na ngoma ya gungu inapovuma, kelele zake zinaufunika mlio wa tupa inayokata minyororo. Wimbo na tupa vinafanya kazi kwa pamoja.

Hata hivyo, tusitie chumvi. Alamin Mazrui, mwandishi wa Kilio cha Haki (1981), alitiwa kizuizini mwaka 1982, na katika diwani yake ya Chembe cha Moyo (1988) mna mashairi huru pia. Arudhi, basi, haina hakimiliki ya tumaini. Lililo muhimu ni kuwa na kazi ya lugha inayodai umakini wa mtu hata pale ambapo mengine yote yameondolewa.

Hitimisho

Haifai kumwambia mwenye njaa atunge shairi ashibe. Karo haikulipwa kwa tarbia, na sikurudi chuoni kwa sababu ya mizani. Nilirudi kwa sababu jamaa zangu walichanga. Lakini katika mwaka ule nilijifunza tofauti baina ya kungoja na kushika. Aliyengoja huulizia faraja kila asubuhi, na ikikosekana huvunjika moyo. Aliyeshika huuliza swali jingine: leo nimelishika, au nimeliwata?

Mwanafunzi yule nilimjibu wiki moja baadaye. Nilimwomba aandike shairi ambalo anayesema ndani yake ni shida yake yenyewe, kisha yeye aijibu. Aliandika beti tano, na mizani zilimpotea mara mbili. Katika ubeti wa mwisho shida ilikosa la kusema. Hali ya nyumbani kwao haikubadilika wiki hiyo, lakini alikuwa amepata neno ambalo awali alidai hanalo. Sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili tuna wajibu wa kuzisoma diwani hizi kwa namna hiyo pia, na wala tusiishie katika kuhesabu vina kwa ajili ya mtihani. Dhiki haitutaki ruhusa ya kuingia, lakini ikiingia na itukute tuna neno tulilolishika.