Vichezeo vya Mtoto kwa Misimu ya Mwaka: Vya Kutengeneza na Vya Kununua

Mtoto mdogo huufahamu ulimwengu kwa kugusa, kusikia, kuona, kunusa na kuonja. Kila anachokishika hukipeleka kinywani, kwa kuwa ndiyo njia yake ya kukijua. Kwa sababu hiyo kichezeo chema humfundisha, na kichezeo kibaya huweza kumdhuru kwa njia ile ile anayojifunzia.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inaweka ujifunzaji wa awali pamoja na ulinzi na usalama katika maeneo yake matano, sambamba na afya, lishe na malezi yenye mwitikio. Makala haya yanamweleza mzazi au mlezi wa Kikole, na wa pwani yote ya Kilwa na Lindi, namna ya kuyatimiza maeneo hayo mawili kwa pamoja bila gharama kubwa.

Kila msimu na somo lake

Wakati wa mvua, udongo wa mfinyanzi hupatikana kwa wepesi. Mtoto wa miaka 2 au 3 akiukanda, akiuviringisha na kuutoboa kwa kidole, misuli ya vidole vyake hupata nguvu ile ile atakayoihitaji kushika kalamu. Chagua udongo wa mahali safi, mbali na choo na njia ya mifugo, kisha mnawishe kwa sabuni amalizapo.

Kusi ikianza kuvuma, pangaboi la ukuti wa mnazi humfunza mtoto kufuatisha kwa macho kitu kinachozunguka, na kuuhisi upepo usoni. Vifuu viwili vilivyosuguliwa vizuri, vikigonganishwa, humfunza kusikiliza na kufuata mapigo. Hakikisha ukingo wa kifuu hauna ncha wala nyuzi zinazochomoka.

Usukaji wa ukili ni hazina kubwa zaidi. Mtoto wa miaka 4 aliyeketi kando ya bibi yake anaweza kupewa miyaa mitatu mipana asuke kwa zamu: mmoja juu, mwingine chini. Hapo mikono miwili hujifunza kushirikiana, jicho hutambua mpangilio, na mazungumzo ya bibi na mjukuu hukuza lugha. Mpe miyaa isiyotiwa rangi. Ukitaka kujua kama rangi ya ukili inachuja, usugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji. Ikibaki kwenye kitambaa, itabaki pia kinywani mwa mtoto.

Hatari mbili zilizo karibu nasi

Ya kwanza ni korosho. Msimu wa mavuno, kuanzia mwezi Oktoba hivi, mtoto huvutiwa na rangi na harufu ya bibo. Tunda hilo lililooshwa anaweza kulionja, lakini ganda la korosho mbichi lina mafuta makali yanayobabua ngozi na midomo. Ling'oe ganda kabla hujampa bibo, na usimruhusu kuchezea korosho zilizoanikwa wala kukaa penye moshi wa korosho zinazobanguliwa kwa moto. Mafuta yakimgusa, osha kwa sabuni na maji mengi, kisha mpeleke zahanati. Hata korosho iliyokwisha kubanguliwa isitolewe nzima kwa mtoto aliye chini ya miaka 5, kwa kuwa huweza kumpalia.

Ya pili ni mbegu za mtipitipi, nyekundu zenye doa jeusi, ambazo huonekana kama shanga na hutiwa ndani ya kayamba. Mbegu hizo zina sumu kali zikitafunwa. Usizitumie katika mkufu, bangili wala kichezeo cha mtoto.

Ukinunua dukani au mnadani

Siku za kuelekea Idi, vichezeo vya plastiki hujaa mezani na bei zake hushawishi. Kabla hujatoa fedha, kagua mambo yafuatayo:

1. Ukubwa. Maabara hupima vichezeo vya watoto walio chini ya miaka 3 kwa silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7. Kizibo cha bati cha chupa ya soda kina upana wa karibu milimita 32, hivyo kinafaa kuwa kipimo cha nyumbani. Kitu au kipande kinachofichika chini ya kizibo hicho huweza kuziba koo la mtoto.

2. Uimara. Vuta macho ya mwanasesere, magurudumu ya gari na vifungo. Kinachong'oka mkononi mwako kitang'oka mkononi mwake.

3. Betri. Kifuniko chake kifungwe kwa skrubu. Betri bapa iliyo mfano wa sarafu ikimezwa huweza kuunguza koo ndani ya saa 2. Mtoto akiimeza, au ukishuku hivyo, mkimbize hospitali mara moja na usimtapishe.

4. Rangi na harufu. Acha kichezeo ambacho rangi yake inabanduka au kinachonuka kemikali.

5. Lebo. Tafuta jina la mtengenezaji, umri unaofaa na maonyo. Kichezeo kilichoandikwa kuwa hakifai kwa watoto walio chini ya miaka 3 kisinunuliwe kwa mtoto wa umri huo, hata akikililia.

Haki yako

Dai risiti na uitunze. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya udanganyifu wa kibiashara na bidhaa zisizo salama. Kichezeo kikiwa na kasoro, kiondoe mbele ya mtoto, kihifadhi pamoja na kifungashio chake, kirudishe kwa muuzaji, na utoe taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) au Tume ya Ushindani (FCC). Taarifa yako huweza kumwokoa mtoto wa jirani ambaye kichezeo chake kilitoka katika boksi lile lile.

Hatimaye, kichezeo chochote, kiwe cha kusukwa au cha kununuliwa, humfaa mtoto zaidi akiwa pamoja na mtu mzima anayemtazama, anayemwitikia na kuzungumza naye.