Kocha akikosea na wakubwa wakanyamaza, nani aadhibiwe?



Jumamosi iliyopita, mkutano ulipokwisha na tukiwa tunakusanya viti, mama mmoja wa Mangobo alituzuia kidogo. Binti yake wa miaka 15 anacheza basketi. Kocha amesema timu itapanda boti mpaka Isangi, walale huko siku tatu. "Nimwache aende?" Hakuna aliyejibu haraka. Kila mmoja wetu anayo habari aliyoisikia, ya timu, ya shule, hata ya kwaya, iliyomalizikia sebuleni kwa mbuzi na bahasha.

Ndani ya swali lake mna lingine: jambo baya likitokea na wakubwa wa timu wakalificha, nani atawauliza wao?

Huko Marekani michezo ya vyuo ina chama kinachoitawala, NCAA. Katika chuo kikuu cha Penn State, kocha msaidizi wa zamani, Jerry Sandusky, alinajisi watoto wa kiume kwa miaka mingi. Mwaka 2001 kijana mmoja wa timu ya makocha alimkuta bafuni na mtoto, akawaambia wakubwa. Hawakwenda polisi. Sandusky alihukumiwa mwezi wa 6 mwaka 2012 kwa makosa 45, na mwezi uliofuata NCAA ilikipiga chuo faini ya dola milioni 60, ikaizuia timu kucheza michezo mikubwa ya mwisho wa msimu kwa miaka 4, na ikafuta ushindi wake tangu 1998. Wengi walilalamika: vijana waliokuwa wakicheza mwaka ule walikuwa wamekosa nini? Ilipofika 2014 zuio likaondolewa, na mwaka 2015 ushindi ukarudishwa. Adhabu iliyobaki na uzito ni ile ya mahakama: rais wa chuo na wakubwa wenzake wawili walipatikana na hatia ya kuhatarisha watoto.

Miaka michache baadaye ikaja habari ya Michigan State, ya daktari Larry Nassar, aliyewadhulumu mamia ya wasichana. Mwaka 2018 NCAA hiyo hiyo ilisema haikuona sheria yake yoyote iliyovunjwa. Sheria gani hiyo, inayoona kosa mchezaji akipewa pesa kwa siri na haioni mtoto akilia?

Tusifikiri ni mambo ya Wazungu. Mali, mwaka 2021, wasichana wa timu ya taifa ya basketi ya vijana walimshtaki kocha wao, na uchunguzi ulioagizwa na shirikisho la dunia, FIBA, ukaona unyanyasaji ulikuwa umezoeleka ndani ya shirikisho la nchi. Gabon, mwisho wa mwaka huo ilikuwa zamu ya makocha wa soka ya watoto. Mwaka 2022 rais wa shirikisho lenyewe alikamatwa, akishtakiwa kwamba alijua asitoe taarifa. Alikana, akakaa kizuizini miezi kadhaa, kisha akaachiliwa.

Mimi nasema wanaoficha waadhibiwe, na nguvu zote. Ila ngumi ishuke kichwani pa aliyeficha. Ligi ikifungia timu nzima, nani anabaki nyumbani? Ni yule msichana aliyepata ujasiri wa kusema, na wenzake watamnyooshea kidole: ni wewe uliyetuulia timu. Mwaka ujao mwingine atanyamaza. Kiongozi aliyejua aondolewe milele kwenye michezo, timu ipewe msimamizi mwingine, na wasichana waendelee kucheza. Faini nayo isiishie ofisini. Ile ya Penn State, hilo lilikuwa jema, ilipangiwa kazi ya kulinda watoto.

Hapa kwetu hatuna haja ya kungoja shirikisho. Sheria za tarehe 20 mwezi wa 7, 2006 zinaadhibu ubakaji kwa kifungo cha miaka 5 mpaka 20, na zinataka uchunguzi wa mwanzo usipite mwezi mmoja. Mwenye umri chini ya miaka 18 ni mtoto; "alikubali" si jibu. Mbuzi wa sebuleni hafuti kesi, wala kocha anayeomba "tumalize kifamilia" hafanyi huruma. Jambo likitokea, mpeleke mtoto hospitali kabla ya saa 72 kwisha, maana dawa ya kukinga Ukimwi haifai tena baada ya hapo. Msimwogeshe, nguo zake msizifue, mziweke kwenye mfuko wa karatasi. Halafu parke.

Mama wa Mangobo alikwenda kumwuliza kocha maswali matatu: wasichana watalala wapi, nani ana ufunguo wa chumba, na mwanamke gani anasafiri nao. Mawili ya kwanza alijibiwa vizuri. La tatu, kocha alicheka kidogo, akasema timu haina pesa ya tiketi ya ziada.

Tumechanga tiketi hiyo. Mama Mangobo mwenyewe ndiye atakayepanda boti siku ya Ijumaa, na wazazi wa wasichana wengine wanne wamekwisha kumwomba awaangalie na wao.