Chura wa Kihansi na Taa Zetu

Taa zinapowaka Mtoni baada ya Maghrib, wachache miongoni mwetu hukumbuka kwamba sehemu ya umeme wa gridi ya taifa hutoka Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Kwenye manyunyu ya maporomoko ya huko aliishi chura wa manjano asiyefika sentimeta 3, asiyepatikana kwingineko duniani. Hatagi mayai, bali huzaa watoto walio vyura kamili.

Wataalamu walimgundua mwaka 1996. Bwawa lilipojengwa, maji yakaelekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakatika. Kisha maradhi ya ukungu yakamwandama. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kuhifadhiwa, na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa porini wametoweka. Mwaka 2010 walirejeshwa, wakatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni, ambako mabomba huwanyunyizia maji.

Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza tabibu kuua chura kwa ajili ya dawa. Basi mvua zikinyesha, na watoto wetu wakaokota mawe kumlenga chura mferejini, tuwazuie. Umeme ni neema, na kiumbe ni amana.