Kauri tatu za Dranya: kweli au si kweli?

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, kutu imelila ukingoni. Ndani yake, katikati ya vifungo vya mashati na senti za kikoloni zenye tundu, mlikuwa na kauri tatu. Bibi mwenye kopo, mkazi wa Dranya wilayani Koboko, West Nile, Uganda, alizimimina kiganjani mwangu. "Hizi zilitoka ziwani, mwanangu," alisema. Nikamwambia kwa adabu, "Hapana, bibi." Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na majirani wakaja na yao.

"Zilitoka ziwani."
Si kweli. Kauri ni gamba la konokono wa baharini, na hakuna hata spishi moja ya kauri inayoishi katika maji baridi, iwe Ziwa Albert, iwe Nile, iwe kijito cha nyuma ya nyumba. Kutoka Dranya mpaka ufukwe wa Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000 hata ukienda angani. Kwa hiyo kila kauri iliyopo West Nile ilifika mkononi mwa mtu.

"Zote ni aina moja."
Si kweli, na hapa nataka tukae kidogo. Zile zilizozagaa Afrika ni hasa za aina mbili. Ya kwanza ina pembe butu na vinundu ubavuni, rangi yake manjano au nyeupe. Ndiyo Monetaria moneta, yaani kauri wa fedha, iliyovunwa kwa wingi Maldivi. Ya pili ni ya duara refu, laini, na mgongoni ina mstari wa rangi ya dhahabu uliozunguka kama pete. Hii ndiyo Monetaria annulus, ya pwani yetu. Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg waliisomba kutoka Zanzibar, wakaipeleka Afrika Magharibi kwa shehena. Kwa kawaida ni kubwa na nzito kuliko ile ya Maldivi, na wachuuzi walizitenganisha vizuri bila kumsubiri mtaalamu yeyote.

Tatizo ni kwamba waliotaka kuzitunga kwenye uzi au kuzishona kwenye ngozi mara nyingi waliukata mgongo. Mgongo ukienda, pete imekwenda nayo. Hapo unabaki kupapasa ubavu, kutafuta vinundu.

"Jina la kitaalamu ni Cypraea. Anayesema Monetaria amekosea."
Ilikuwa kweli. Mswidi Carl Linnaeus, katika toleo la 10 la kitabu chake Systema Naturae la mwaka 1758, aliwaweka kauri wote aliowajua katika jenasi moja, Cypraea, neno linalotokana na jina la mungu wa kike wa Kupro. Mwaka 1863 Mjerumani Franz Hermann Troschel akaunda jenasi Monetaria, kutoka neno la Kilatini la fedha. Jenasi ikigawanywa, jina la zamani halipigiwi kura. Linabaki na spishi-kielelezo, ile iliyoteuliwa kuwa mizani ya jina hilo; wengine wote wanaweza kuhama, yeye hahami. Kwa Cypraea, kielelezo ni Cypraea tigris, yule kauri mkubwa wa madoa anayeuzwa kwa watalii pwani.

Halafu zikaja chembe za urithi. Mwaka 2003 Mmarekani Christopher Meyer alichapisha ukoo wa kauri uliopangwa kwa DNA, na mmoja wa jamaa wa karibu wa kauri wa fedha akawa kauri kichwa-cha-nyoka, wa rangi ya kahawia, bapa tumboni, asiyefanana naye hata kidogo. Leo naye anaitwa Monetaria caputserpentis. Mimi mwenyewe nisingewaweka nyumba moja.

"Mabano kwenye jina ni alama ya mashaka."
Si kweli. Monetaria moneta (Linnaeus, 1758): mabano yanasema tu kwamba Linnaeus aliipa spishi hiyo jina ikiwa katika jenasi nyingine. Cypraea tigris haikuhama, kwa hiyo Linnaeus wake hana mabano.

"Monetaria ni jina la kike, basi ingekuwa annula."
Mwalimu mmoja mstaafu alinibana kwa hili. Si kweli, na anayejua ngeli ataelewa upesi. Kivumishi hufuata nomino yake, lakini annulus si kivumishi, ni nomino: pete. Tunasema bata mzinga, mabata mzinga, mzinga haugeuki.

"Jina la kwanza kutolewa ndilo linaloshinda daima."
Kanuni ndiyo hiyo, lakini daima? Hapana, na ushahidi mzuri uko kwetu Uganda, kwa konokono wa maji baridi. Mwaka 1910 Mwingereza Preston alianzisha jenasi Biomphalaria kwa konokono wa Ziwa Edward. Baadaye ilionekana kwamba konokono wa Amerika walio jenasi hiyohiyo walikuwa na jina Planorbina tangu 1843. Kwa kanuni, Biomphalaria lingekufa. Lakini hao ndio wanaobeba minyoo ya kichocho cha utumbo, ugonjwa ambao daktari George Nelson aliandika kuuhusu huko West Nile mwaka 1958, na vitabu vya tiba vilikuwa vimejaa jina hilo. Mwaka 1965 Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama ikaamua jina la 1910 lipewe kipaumbele.

"Waganda huita fedha ensimbi, yaani kauri. Basi hizi za Dranya nazo zilikuwa fedha ya Uganda."
Neno ni kweli. Mengine yanahitaji kalenda. Serikali ya Himaya ya Uganda iliacha kupokea kauri kwa kodi mwaka 1901, wakati Koboko ikiwa ndani ya eneo la Lado la Mfalme Leopold wa Ubelgiji. West Nile iliingia Uganda mwaka 1914.

Bibi alisikiliza yote, kisha akauliza swali la maana: zake je? Mbili zilikuwa na pete, moja imefifia. Nikamwandikia kwenye karatasi: Monetaria annulus, mbili. Ya tatu ilikatwa mgongo, na ubavu umesuguliwa mpaka vinundu, kama viliwahi kuwapo, havishikiki kwa kidole. Nikaandika Monetaria sp., nikaacha nafasi tupu mbele yake, naye akaikunja karatasi akaitia koponi.