Urekebishaji wa vali za injini

Urekebishaji wa vali za injini (mafundi husema kufunga tapeti) ni kazi ya kupima na kuweka sawa nafasi ndogo inayoachwa kati ya ncha ya vali na mkono wa chuma unaoibonyeza, uitwao roka. Huhitajika hasa katika injini za zamani, kwani injini nyingi mpya hujirekebisha zenyewe. Katika sehemu za mashambani kama kata ya Masakta, Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara, ambako gereji inaweza kuwa mbali, mwenye gari anaweza kuifanya nyumbani kwa vifaa vichache.

Sababu ya kuacha nafasi

Injini inapopata moto, vali hurefuka. Nafasi isipokuwepo, vali haifungi kabisa. Vali ya kutolea moshi hupoa kwa kugusa kiti chake kwenye silinda hedi. Isipokigusa huungua ukingoni, na injini hupoteza nguvu. Nafasi ikizidi, vali huchelewa kufunguka na roka hugonga.

Wengi huogopa kelele tu. Lakini vali iliyobana haipigi kelele, nayo ndiyo huungua. Tena, vali na kiti chake vinapolika, nafasi huzidi kupungua. Kwa hiyo injini ya zamani iliyonyamaza si lazima iwe nzima: ni lazima ipimwe.

Mfano: Land Rover

Injini ya petroli ya lita 2.25 ilianza kutumika katika Land Rover Series II mwaka 1958, ikaendelea katika Series IIA na III. Ina silinda 4 na vali 8, na nafasi ya kila vali ni milimita 0.25. Vifaa vinavyohitajika ni spana, bisibisi na fila geji, yaani vibamba vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake.

1. Zima injini na uiache ipoe. Weka gia huru, vuta breki ya mkono na zuia magurudumu kwa mawe.
2. Futa vumbi, ondoa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi, kisha fungua kifuniko cha roka.
3. Hesabu vali 1 hadi 8 kuanzia mbele.
4. Zungusha injini kwa hendeli mpaka vali ya 1 ibonyezwe kabisa. Wakati huo vali ya 8 imefunga, hivyo pima hiyo. Jumla iwe 9 daima: ya 2 ikibonyezwa, pima ya 7, ya 3, pima ya 6, na kuendelea.
5. Kibamba kipite kwa kukwaruza kidogo. Kisipofanya hivyo, legeza nati, zungusha skrubu, kaza nati huku umeishika skrubu kwa bisibisi, kisha pima tena, maana kukaza huweza kubadili kipimo.
6. Rudisha kifuniko na gasketi isiyovuja, halafu plagi.

Tahadhari

Kila injini ina kipimo chake. Kipimo cha Land Rover kisitumiwe kwa trekta wala mashine ya kusaga. Kitafutwe katika kitabu cha injini husika. Ikiwa nguvu haikurudi baada ya kazi hii, huenda vali imekwisha kuungua. Hapo tapeti haisaidii tena: ni lazima silinda hedi ifunguliwe.